Nikuongezee sukari?

Usingizi umegoma, bora niandike. Kauli ya mama mdogo bado imenikaa hapa kooni. Mliokuwepo kwenye arobaini ya baba mnajua jikoni palivyokuwa, moshi, masufuria ya pilau, kina mama wamejaa, mimi nagawa chai. Akaniangalia weee, halafu mbele za watu, "Mwanangu una roho ngumu wewe, baba kafa hata chozi?" Mimi nikajibu nini? "Mama mdogo, nikuongezee sukari?"

Sukari jamani! Kwenye daladala naongea naye, nikiosha vyombo naongea naye, nimeshampa majibu mazuri tu, nani alikuwa analala na mzee wodini, nani alimbadilisha nguo. Wiki hii Zai kaposwa, mimi nimehamishiwa tawi la Tegeta, ila kichwani ni sukari.

Na tumbo nalo, linawaka usiku hasa likiwa tupu. Baba Nai alishatoa hukumu, "Unameza meza mambo, yatakutoa vidonda." Nikakubali kabisa, tena kesi yote nikamtwisha mama mdogo.

Juzi nikaenda kupima. Daktari kijana kasoma majibu ya choo, anasema kuna bakteria, Helicobacter pylori. Nikamwambia daktari haya si mawazo? Nimefiwa. Akanihadithia daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 alikunywa hao bakteria makusudi maana wenzake walishikilia kuwa vidonda ni stresi na asidi, akaumwa tumbo kweli, na 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Nikacheka, mtu mzima anakunywa wadudu ili ashinde ubishi! Huyo angemuweza mama mdogo.

"Ila na mawazo yamo dada," akaniambia. Eti ukikaba hasira mdomo unanyamaza lakini mwili haunyamazi, homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, zinapanda, moyo unaenda mbio, presha nayo inapanda (yangu ilikuwa juu kidogo), na tumbo na ubongo vina mishipa ya fahamu inayoviunganisha kwa hiyo maumivu unayasikia zaidi. Basi wadudu hakuniletea mama mdogo, usingizi ndo kaniibia.

Nimefika dirisha la dawa nikaanza kulia. Kulia kwelikweli, makamasi na nini, baba yangu mimi, mpaka yule dada wa dawa akadhani ni bei, "Dada zipo za bei nafuu pia." Nikashindwa hata kumuelezea, nikachukua za bei nafuu. Dozi ya wiki mbili, mdomo mzima ladha ya chuma.

Sasa Gongo la Mboto mpaka Tegeta kila asubuhi nitatoka saa ngapi, Nai nani atampeleka shule, na mwenye nyumba kashatuma meseji anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.