Wanawake watatu wa Helsinki na kuta nyekundu za Rufisque

Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman ni wasanifu majengo wa Helsinki, Finland, wenye ofisi ndogo tu. Kazi iliyowatambulisha iko Rufisque, Senegali: Kituo cha Wanawake kilichokamilika 2001, kuta nyekundu, vyumba vikizunguka ua.

Angalia vitu vidogo. Rimu kuukuu za magari zimejengewa ukutani ziwe matundu ya hewa, vitako vya chupa vikawa vidirisha vya mwanga. Tofali zilifyatuliwa palepale saiti. Chini ya bati kuna dari ya mikeka, na katikati nafasi ya hewa.

Nafasi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Joto la bati hutoka na upepo, mradi pembeni pawe wazi. Mafundi wengi huziba miisho kwa udongo au saruji wakikimbia popo, hewa inakwama, chumba kinageuka tanuri. Weka wavu, basi. Na mkeka usiguse bati.

Rimu nayo isibebeshwe ukuta: pitisha linta nyembamba (boriti fupi ya kubeba ukuta) juu yake, la sivyo ufa utaanzia hapo. Tofali za saruji zimwagiliwe maji angalau siku 7, kivulini. Wengi huruka hili, halafu wanalaumu mchanga.

Mwaka 2007 wasanifu hao watatu walianzisha asasi ya Ukumbi, inayotoa usanifu kwa jamii zisizomudu gharama zake. Mjini Moshi, Tanzania, ipo kazi yao: nyumba salama ya KWIECO, shirika la kutetea wanawake, kwa wanawake na watoto wanaokimbia ukatili.