Mchina, Mhindi, Mjapani: ubishi wa pikipiki Tanga na vipuri vinavyoamua

Pita kijiwe chochote cha bodaboda hapa Tanga, iwe stendi ya Kange, Chumbageni au zile kona za Ngamiani ambako barabara zinaitwa kwa namba, utakuta ubishi ni uleule. Mwenye Boxer, pikipiki ya Bajaj wa India, anasema Mchina ni bati tupu. Mwenye Mchina anamjibu, "Bwana wee, bati hilohilo ndilo linalopanda Amani na mfuko wa saruji nyuma." Anatokea wa tatu anasema wote mnapoteza muda, chuma ni cha Mjapani. Na hapo abiria anasubiri.

Ubishi wenyewe si wa kijinga. Ila wanabishania bendera, wakati pikipiki haifi yote kwa mara moja. Kinachokufa ni beringi, ringi za pistoni, valvu, waya, bushi. Na hivyo ndivyo vya kuulizana: nani kabana matumizi kwenye kipuri gani, na kipuri hicho kinapatikana wapi kwa ubora gani.

Tuanze na utaifa wenyewe, maana umechanganyika kuliko watu wanavyodhani. YBR125 ya Yamaha, ambayo wengi huiita Mjapani safi, ilitengenezwa kwa miaka mingi Chongqing, China. Honda ana kiwanda cha ubia Guangzhou. Kule India alifanya kazi na kampuni ya Hero tangu 1984 mpaka walipokubaliana kuachana mwishoni mwa 2010. TVS, Mhindi mwingine, alikuwa na Suzuki hadi 2001. Bajaj alizijua injini za mipigo minne kupitia Kawasaki, na Boxer ni mtoto wa ndoa hiyo. BMW G 310 ilizaliwa kiwanda cha TVS kule Hosur, na aliyeinunua Ujerumani hasemi kanunua Mhindi.

Ukitaka kujua chako kimezaliwa wapi, acha jina la kwenye tenki, soma namba ya chesisi. Ni herufi na tarakimu 17, mara nyingi zimegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapogeukia. Ikianza na L ni China, ikianza na J ni Japani. Ikianza na M angalia herufi ya pili: A mpaka E ni India, L mpaka R ni Thailand. Used zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina namba fupi kuliko 17, hiyo isikutishe. Ila kwenye namba kamili ya 17 ukiona herufi I, O au Q, rudisha hela mfukoni. Herufi hizo hazitumiki kabisa, kwa sababu zinafanana na 1 na 0, kwa hiyo kuna mkono wa mtu hapo.

Sasa injini, ambako ndiko kwenye nyama. Injini nyingi za Mchina zilizoko mtaani ni mchoro wa Honda CG125 uliotoka katikati ya miaka ya 1970. Honda aliuchora makusudi kwa nchi ambazo mzigo unazidi na oili inabadilishwa mtu akikumbuka. Kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, imekaa chini, ndani ya kasha la injini, karibu na oili. Inazungushwa na gia, na nundu moja tu inasukuma fimbo mbili zinazopanda mpaka kwenye roka, zile nyenzo ndogo zinazobonyeza valvu. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea wala kukatika. Kwa hiyo anayemcheka Mchina kwenye mchoro, anamcheka Mjapani bila kujua.

Chini ubavuni mwa injini hizo kuna maandishi kama 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, 56 au 62 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, I ni daraja la 125 na J la 150. Ukienda dukani kutafuta pistoni taja namba hiyo, usitaje jina la kwenye tenki. Majina ya tenki ni mengi kuliko injini zilizomo.

Boxer na TVS HLX zimechukua njia nyingine: kemu iko juu kichwani, inavutwa na cheni ya taimingi. Injini inahema vizuri zaidi kwenye mizunguko mikubwa na inalia taratibu. (Boxer BM150, kwa taarifa ya wabishi, ni cc 144.8. Hiyo 150 ni jina.) Gharama yake ni kwamba oili inafika kichwani mwisho. Ikipungua au ikizeeka, wa kwanza kuumia ni kemu na roka, kisha cheni ya taimingi inaanza kugonga ukutani ukiwasha asubuhi. Pikipiki ya mkataba (dereva anamlipa mwenye nayo kidogo kidogo) iliyopita mikono mitatu, kila dereva akimwachia mwenzake oili, itaumia kwa kemu ya juu mapema kuliko kwa fimbo. Yenye mwenyewe anayejali itamlipa kinyume chake.

Basi Mchina anakufa kwa nini kama mchoro ni mzuri? Kwa sababu mchoro mmoja unatengenezwa na viwanda vingi, na tofauti ya kiwanda na kiwanda ndani ya China ni kubwa kuliko tofauti ya China na Japani. Aliyebana gharama anabana mahali usipopaona: chuma cha valvu laini, ugumu wa uso wa kemu, beringi ya konrodi (mkono wa pistoni), usafi wa kasha baada ya kumiminwa. Ndiyo maana oili ya kwanza ya pikipiki mpya haingojwi. Imwage kati ya kilomita 300 na 500, injini ikiwa ya moto, ndani ya beseni jeupe, uitazame juani. Vumbi la kijivu linalometa ni kawaida, vyuma vinasagana vikizoeana. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida, rudi dukani siku hiyohiyo.

Na oili yenyewe iwe ya pikipiki. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi inaanza kuteleza, fundi anauza sahani mpya, nazo zinateleza. Kwenye chupa tafuta maneno JASO MA au MA2. Kwa joto letu 20W-50 inafaa, na kwa nyingi za daraja hili lita moja ni kiasi cha karibu. Hakikisha kwa kijiti, pikipiki ikiwa wima, si imelala kwenye stendi ya pembeni.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi kwenye injini za CG: hazina filta ya karatasi. Zina wavu chini, na kuna kikombe kinachozunguka mwisho wa krankshafti, mhimili mkuu wa injini, upande wa kulia, kinachotupa uchafu pembeni kama tope. Hakisafishwi kwa kubadili oili. Lazima ufungue kifuniko cha kulia, ufungue skrubu tatu za kikombe, ukwangue tope, ufute kwa kitambaa kisicho na nyuzi, urudishe na gasketi mpya. Kikijaa, uchafu unarudi kwenye oili na kwenda moja kwa moja kwenye beringi ya konrodi. Halafu kijiweni inasemwa Mchina kanoki.

Tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka na valvu, nayo inaua injini nyingi kuliko taifa lolote. Bodaboda wetu hapendi kelele. Anamwambia fundi, "Kaka, ibane hiyo, inalia." Fundi anabana, injini inanyamaza, wote wanafurahi. Tapeti inayolia kidogo haifi, iliyobana ndiyo hufa. Valvu hupoa kwa kukaa kwenye kiti chake. Ikizuiwa isifunge sawasawa, moto unapita ukingoni, ukingo unaungua, kompresheni inapotea, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto. Tena nafasi hiyo hupungua yenyewe, maana valvu inazama taratibu kwenye kiti chake.

Kazi yenyewe haichukui nusu saa. Injini iwe baridi kabisa, yaani iliyolala usiku. Toa plagi ili izunguke kirahisi, fungua kifuniko cha roka na vifuniko vya kushoto, zungusha sumaku mpaka alama ya T ilingane na alama ya kasha. Tikisa roka zote mbili, ziwe na uhuru. Kama moja imebana, uko kwenye mpigo usio wake, zungusha duru nzima tena. Kwa CG125 nafasi ni milimita 0.08, valvu zote mbili: fila geji (bati jembamba la kupimia) ipite kwa kukwama kidogo, si kwa kusukumwa. Shika skrubu isizunguke ukikaza nati, kisha pima upya, kwa sababu nati ikikazwa huvuta skrubu. Kwa kemu ya juu fuata kitabu chake. Usichukue 0.08 ya CG ukaipeleka kwenye Boxer.

Hayo yangekuwa sawa Dodoma pia. Tanga ina adui wake, chumvi. Pikipiki inayolala Raskazone, Sahare au Mwambani inapigwa na upepo wa bahari usiku kucha, na hapo ndipo Mjapani wa zamani anapoonyesha kwa nini alikuwa ghali. Kromu siyo inayozuia kutu, ni nikeli iliyo chini yake. Kromu ni ngozi nyembamba ya kung'aa yenye nyufa zisizoonekana. Aliyepunguza nikeli anauza rimu inayometa dukani na yenye vipele vya kahawia kabla masika hayajaisha. Angalia mahali ambapo muuzaji hapangusi: ndani ya rimu zinapoingia nati za spoki, chini ya madigadi, na ungio la bomba la moshi.

Waya ni vivyo hivyo. Fungua soketi chini ya tenki na ile ya rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa kuchaji betri), uone kama shaba imeota ukijani. Ukiikuta, kwangua, safisha, paka mafuta ya mgando, funga. Taa zinazofifia na betri isiyochaji mara nyingi ni hapo tu, kabla hujanunua rektifaya mpya. Na tafadhali, tuache kuosha kwa dizeli. Inang'arisha injini kweli, lakini inalegeza mpira wa bushi na sili, na ikifika kwenye breki shuu umekwisha. Maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni, na ule mpira wa presha usielekezwe kwenye habu.

Kwenye beringi ubishi wa mataifa hauna hata maana. 6301 ni milimita 12 ndani, 37 nje, 12 unene, awe kaitengeneza Mchina, Mswidi au Mjapani. Kama kiwanda kilikuwekea ya wazi, weka yenye 2RS, yaani iliyofunikwa mpira pande zote mbili, uondoe mchanga wa barabara ya Pangani kwenye hesabu. Cheni pia: namba 428 ina hatua, yaani pini hadi pini, ya milimita 12.7 popote duniani, na H inamaanisha sahani nene zaidi. Ivute inyooke, pima hatua 20. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 itoe pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inakwisha kwa kasi.

Kosa moja chanzo chake ni Mjapani. Skrubu zake za msalaba zina umbo la kiwango cha kwao, JIS, si lile la bisibisi za kawaida zinazouzwa madukani. Bisibisi ya kawaida inapanda na kula kichwa cha skrubu, ndiyo maana vifuniko vya Honda za zamani vina skrubu zilizopigwa patasi. Nakala za China nazo zilirithi. Tafuta bisibisi ya JIS, au badilisha skrubu zote ziwe za kufunguliwa kwa alenki.

Nikiulizwa inunuliwe ipi: kwa mkataba wa mjini, Boxer au TVS, kwa sababu spea halisi inapatikana na ukiuza hupotezi sana. Hiyo ni nguvu ya duka la spea kuliko ya chuma. Kwa shamba, Muheza kwenda juu, injini ya CG kutoka kiwanda kinachojulikana, ukabadili mapema beringi na cheni. Mahali pa kukagua ni fremu, kwenye ungio la mkono wa nyuma na pale keria inapochomelewa, maana mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) na magunia huvunja hapo bila kujali imetoka nchi gani. Used ya aina yoyote, kabla ya bei muulize mwenye nayo pistoni iko namba ngapi, yaani silinda imeshachongwa na kupanuliwa kiasi gani. Namba 25 ni robo milimita juu ya saizi ya kiwanda, 50 ni nusu, mwisho wa kawaida ni 100. Iliyofika 100 haichongwi tena, ni kuwekewa silivu mpya (mrija wa ndani wa silinda) au kununua bloku nyingine, na fedha hiyo ikatwe kwenye bei mkiwa bado mmesimama palepale.