Nilivyowavusha mikunga kwenye bwawa la umeme

Nilipokabidhiwa suala la samaki katika kituo kidogo cha kufua umeme, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa mfupi mno: jenga ngazi ya samaki, yaani vidimbwi vilivyopangwa kama vipandio ili samaki wapande na kulivuka bwawa, kazi imekwisha. Ushauri huo unanikera hadi leo, kwa sababu wanaoutoa humfikiria samoni peke yake, ambaye ana misuli ya kumpandisha kidimbwi hadi kidimbwi, kama inavyoonekana kwenye bwawa la Bonneville katika mto Columbia, Marekani, tangu mwaka 1938. Mto wetu hauna samoni. Una mikunga, samaki warefu wenye umbo la nyoka, na mkunga haruki. Nchini Thailand, bwawa la Pak Mun lililokamilika mwaka 1994 liliwekewa ngazi ya vidimbwi, na samaki wengi wa mto Mun, tawi la mto Mekong, walishindwa kuitumia.

Hata hivyo ngazi yetu ya saruji ilijengwa, tena kwa fedha nyingi, kwenye ukingo wa mbali ambako kulikuwa na nafasi. Samaki anayepanda hufuata mkondo wenye nguvu, na kituoni kwetu mkondo huo hutoka chini ya mtambo, ukingo wa pili kabisa. Samaki wakajazana huko, ngazi ikajaa majani.

Nikaacha kuitazama ngazi, nikaanza kuukagua ukuta usiku kwa tochi hafifu. Karibu na mahali maji ya mtambo yanapotokea palikuwa na ufa uliovuja, na saruji yake ilikuwa imeota utelezi wa kijani. Hapo ndipo nilipowaona: mikunga wachanga, wembamba kama vijiti vya kiberiti, wamejibandika kwa matumbo kwenye unyevu ule, wanapanda kwa kujinyonganyonga, wakifika penye ukavu wanakwama, wanateleza hadi chini na kuanza upya. Njia walikuwa wamekwisha kuichagua wenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kuimalizia.

Pale pale pa ufa nikaegemeza mfereji wa mbao kutoka majini hadi juu, na ndani yake nikapigilia vichwa vya brashi ngumu za kusugulia sakafu, nywele zikitazama juu, vikiachana kiasi cha mkunga mchanga kupenya huku mwili wake ukipata pa kujishikiza kila upande. Maji kutoka bwawani niliyaleta kwa mpira, yakawa ya kulowesha tu, kwani yakizidi huwasukuma chini. Ninachojivunia zaidi ni mpira wa pili, ambao niliuning'iniza ili maji yake yaanguke kwa kishindo mbele ya mlango wa mfereji. Kabla yake wengi walikuwa wakiupita mlango bila kuugundua, na baada yake walipanga foleni. Ubao wa kufunika ulizuia jua na ndege. Juu waliangukia kwenye pipa, nasi tukawaachia mbali na mdomo wa kuingizia maji, wasije wakavutwa tena. Gharama yote haikufikia hata bei ya saruji iliyomwagwa kwenye ngazi.

Kushuka ndiko kunakosahaulika. Mkunga hukaa mtoni miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja tu katika maisha yake, na kwa urefu wake ni vigumu apite kwenye mapanga ya mtambo bila kukatwa. Tulibadilisha chujio la nondo lililo mbele ya mdomo wa kuingizia maji, nafasi kati ya nondo ikawa milimita 15, tukalilaza kwa mshazari, na chini kabisa tukafungua mlango wa pembeni wa kuwapitishia kando ya mtambo, kwa sababu mkunga husafiri karibu na sakafu ya mto. Wahandisi walitaka mlango huo uwe juu. Nilikataa, na ninashukuru kwamba nilisikilizwa.

Usiku wa giza mto unapoanza kujaa kwa mvua, tunazima mtambo na kufungua malango. Wapo waliolalamikia umeme unaopotea, lakini nyakati hizo mto huwa na maji mengi kuliko mtambo unavyoweza kuyatumia, na mikunga hushuka kwa wingi katika masiku machache tu. Anayetaka kuiga asiache kusafisha chujio kila siku msimu huo: takataka zikiziba nusu yake, maji hupita kwa kasi katika nusu iliyobaki, na mkunga hubanwa kwenye nondo hadi akafa.