Namba moja kwa kila mkulima: tulivyounganisha kumbukumbu za kahawa Mbozi

Malipo ya pili yalipotoka msimu ule, mama mmoja wa kitongoji cha juu alikuja ofisini akasimama mlangoni. Nilimpa kiti, hakukaa. Alikuwa ameleta kahawa tangu Juni hadi Septemba na stakabadhi zake zote alizifunga kwenye pindo la kanga. Fedha zake zilikuwa zimeingia kwenye simu ya wajina wake wa ng'ambo ya mto, majina matatu sawasawa, herufi kwa herufi. "Mwanangu," aliniambia, "kahawa nimeibeba mimi, mgongo wenyewe ni huu." Fedha zilirudi baada ya wiki tatu, kwa kuwa yule wajina alikuwa muungwana. Lakini orodha ile niliiandika mimi, na jambo hilo liliniuma sana.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika chama chetu cha ushirika, AMCOS kama tunavyoziita, wilayani Mbozi. Tuko wanachama 286, tunalima arabika, wengi wetu ekari moja au mbili. Naandika haya kwa makarani wenzangu wa Mbozi, Ileje, Rungwe na Mbinga, maana najua wengi mnapambana na hiki hiki.

Nilipokaa kuchunguza kosa lile, niliona mkulima mmoja kwetu alikuwa watu wanne. Daftari la mapokezi pale mzanini lilimjua kwa jina. Mnunuzi aliyekuja na vishikwambi alimjua kwa namba aliyompa yeye mwenyewe. Orodha ya mbolea ya ruzuku ilimjua kwa usajili wake wa kijijini, na orodha ya malipo ilimjua kwa namba ya simu, ambayo mara nyingi ni ya mtoto wake aliyeko Tunduma. Hakuna orodha iliyoijua nyenzake. Ukitaka kujua fulani aliyepeleka kilo 640 ndiye huyu anayelipwa, unalinganisha majina, na majina ya kwetu karani mmoja anaandika Nzowa, mwingine Nzoa.

Mnunuzi wa pili alipokuja naye na kishikwambi chake, wazee walichoka. Maswali yale yale: una miche mingapi, una watoto wangapi, shamba liko wapi. Mzee mmoja aliwajibu, "Nimeshahesabiwa mara mbili mwaka huu, sijaongezeka." Nikamwomba mnunuzi wa kwanza nakala ya taarifa alizochukua kwa watu wetu ili tumpe wa pili. Jibu likawa kwamba taarifa ni mali ya kampuni. Hapo ndipo mimi na mwenyekiti tulipokubaliana kwamba kumbukumbu ya mkulima ianzie kwenye chama chake, na wengine wote wachukue kutoka hapo.

Tulianza na namba. Nilidhani ningetumia ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kila mtu anayo na haifanani na ya mwingine. Nikazinakili kwenye Excel siku mbili nzima. Siku ya tatu naona namba zote zinaishia na sifuri tano. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, Excel inahifadhi tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri bila kukuuliza. Namba za simu nazo zilipoteza sifuri ya mwanzo. Kazi yote ilirudiwa kutoka kwenye nakala za vitambulisho. Kwa hiyo, mwenzangu, kabla hujaandika herufi moja, teua safu nzima, ipe umbo la maandishi, ndipo uingize. Kubadilisha umbo baadaye hakurudishi tarakimu zilizopotea.

Nikashukuru kwa kosa lile, maana lilinifikirisha. NIDA inaanza na tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Kwa nini niitembeze mzanini, kwenye magunia na kwa kila mnunuzi? Tukatunga namba yetu: tarakimu nne za uanachama, halafu moja ya ulinzi, ya kunasa makosa ya kuandika. Mwanzoni ya ulinzi ilitokana na kujumlisha zile nne. Mwanachama 0147: 0 na 1 na 4 na 7 ni 12, tarakimu ya mwisho ni 2, basi anakuwa 0147-2. Kijana wetu wa mzani akanionyesha kwamba akikosea akaandika 0174, jumla ni ile ile na kosa linapita. Tukabadili: tarakimu ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, ya nne kwa 4, jumlisha, chukua tarakimu ya mwisho. 0147 inatoa 42, yaani 2. 0174 inatoa 39, yaani 9. Sasa ukigeuza tarakimu mbili zilizopakana, jedwali linakuwa jekundu mkulima akiwa bado yuko mbele yako, na unamuuliza hapo hapo.

Kazi iliyotutoa jasho ni ramani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa inayoingia kwao ijulikane imetoka shamba gani, na shamba hilo lisiwe limefyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungoja. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, ambazo ni karibu ekari 10, nukta moja inatosha. Kubwa zaidi lazima lizungushwe mipaka. Nukta inaandikwa kwa nyuzi, na tarakimu zisizopungua sita baada ya desimali. Kwetu karibu wote ni nukta moja. Nikasema, wiki mbili tumemaliza.

Vijana watano walizunguka na simu zao, wakaniletea namba, nikamtumia mnunuzi. Akanipigia: mashamba yenu mengine yako baharini karibu na Moroko, mengine Sudan Kusini. Nilikaa kimya kwa muda. Kumbe simu nyingi hutaja latitudo kwanza, halafu longitudo, na faili la ramani alilotaka mnunuzi, la GeoJSON, hutaka longitudo kwanza. Mbozi iko kwenye nyuzi 9 kusini na 33 mashariki. Ukizigeuza unaangukia kwenye maji ya Atlantiki. Waliokwenda Sudan Kusini ni wale walioacha alama ya kutoa mbele ya 9, ile inayosema tuko kusini mwa ikweta.

Hayo yalirekebishika mezani. Lililonitisha zaidi lilikuwa la mashamba 19 ambayo yalionekana sawa kabisa, yako Mbozi, yako kijijini, ila yalikuwa ndani ya msitu. Yalipimwa zamani kwa kifaa kilichowekwa mfumo wa Arc 1960, ule wa ramani zetu za zamani, nami nikayaingiza kana kwamba ni WGS84 inayotumiwa na simu. Tofauti kwetu ni zaidi ya mita 200, na kila shamba lilisogea kaskazini, likavuka kijito, likaingia kwenye miti. Mtu wa Hamburg anayeangalia picha ya satelaiti angesema wazee hawa wamelima msituni, na kahawa yao ingekataliwa bila wao kujua kwa nini.

Baada ya hapo niliwachukua vijana wote watano tukaenda Ndolezi, kwenye Kimondo, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, ambalo mahali pake kwenye ramani panajulikana. Kila mmoja akasimama mbele ya lile jiwe, akasoma namba kwenye simu yake, tukalinganisha na ramani. Simu isiyokaa mahali pa Kimondo haikwenda shambani. Tukaweka na kanuni ya kusubiri chini ya migomba mpaka simu ionyeshe kosa lisilozidi mita 5, maana tarakimu ya sita ya desimali ni sentimita 11 tu na hakuna simu ya kijana wetu inayofika huko.

Vipimo vingine vilikuwa vyepesi kuvimaliza. Eneo tuliandika "2" tukimaanisha ekari, mfumo wa mnunuzi ukasoma hekta, mavuno yetu yakaonekana chini ya nusu ya yalivyo. Kilo nazo: cheri, yaani tunda bichi lililochumwa, au kahawa kavu ya maganda? Kilo tano za cheri hutoa kama moja ya hiyo kavu. Sasa kipimo kimeandikwa kwenye kichwa cha kila safu, hakuna kukisia.

Kwenye mkutano mkuu niliulizwa swali ambalo nililitegemea. Mzee wa safu ya mbele alisimama: "Karani, ramani ya shamba langu ikifika Ulaya, siku moja hawatakuja nayo kusema ni lao?" Sikumwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wa ardhi ni wa haki. Nilimweleza nini kinatoka na nini kinabaki: mnunuzi anapata namba tuliyompa mwanachama, nukta ya shamba, kilo na tarehe. Jina, NIDA na simu havitoki kabatini kwetu, isipokuwa orodha ya malipo inayokwenda kwa anayelipa. Nikawasomea pia kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba kila mmoja atatia saini akikubali na anaweza kukataa. Kumi na mmoja walikataa siku hiyo. Tuliwaacha, na kahawa yao ikauzwa kwa mnunuzi asiyehitaji nukta. Saba kati yao walikuja wenyewe baadaye.

Mkataba wa msimu uliofuata mwenyekiti aliongeza kifungu kimoja: chochote ambacho mnunuzi atakikusanya kwa wanachama, nakala irudi kwa chama kabla ya mwisho wa Desemba, kwenye faili la CSV, ikiwa na namba zetu. Mmoja alisaini siku hiyo hiyo. Mwingine alivuta miezi miwili, akasaini.

Mwaka huu mnunuzi mpya alipokuja, nilimpa faili jioni ile ile, na hakuna mzee aliyeulizwa ana watoto wangapi. Yule mama wa kitongoji cha juu hataji tena jina akifika mzanini. Anataja namba, na tarakimu ya ulinzi anaitaja kwa sauti.

Orodha ya mbolea ya ruzuku bado haijaungana na yetu. Kila inapokaribia Novemba nabeba daftari mpaka ofisi ya kijiji, tunakaa na mtendaji, tunalinganisha jina kwa jina. Mwaka jana ilituchukua siku nne.