Tafakari ya wiki: Heri jina jema

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii ni Mithali 22:1, "Heri kuchagua jina jema kuliko mali nyingi", nimekuwa nalo tangu Jumatano kwa sababu ya binti mmoja wa kikundi chetu cha maigizo hapa Mwanga, Kigoma. Aliitwa kwenda kushuti filamu, hela yenyewe nzuri tu kwa mtoto ambaye mama yake anauza samaki wa mgebuka Kibirizi, kufika anaambiwa nafasi iliyopo ni ya kahaba na nguo za kuvaa ndo hizo hapo. Akakataa. Akaja kwangu analia, na nyumbani mama nae anamwambia si nilikwambia maigizo ni uhuni.

Nikakaa nae nikamsimulia habari za Cicely Tyson. Jina labda hamlijui ila kama uliangalia ile tamthilia ya 1977 ya Kunta Kinte basi yule Binta, mama yake Kunta, ndo yeye. Alizaliwa New York mwaka 1924, wazazi wametokea kisiwa cha Nevis huko Karibi, watu wa kanisa haswa, na alipoanza mambo ya kuigiza mama yake akamfukuza nyumbani, wakakaa muda mrefu hawaongei. Mimi yule mama simlaumu, kitu alichokuwa anakiogopa kipo kweli, binti yetu amekutana nacho juzi tu hapa hapa Kigoma. Baadae walipatana.

Sasa 1972 akaigiza kwenye filamu ya familia ya wakulima weusi maskini kusini mwa Marekani, mpaka akateuliwa kugombea Oscar. Wakati wanazunguka kuitangaza mzungu mmoja akamwambia kitu kilichompa shida ni kumsikia yule mtoto wa kwenye filamu anamwita baba yake "daddy", kwa sababu mwanae yeye pia anamwita hivohivo. Hebu rudia hapo. Yani mtu mzima na akili zake alikuwa hajawahi kuwaza kwamba mtoto mweusi nae ana baba anayempenda! Hapo ndo Tyson akaona kuigiza sio ugali peke yake, akaamua hachukui nafasi yoyote inayomdhalilisha mwanamke mweusi, na aliishika kweli, kuna vipindi alikaa bila kazi kwa sababu zilizokuwa zinakuja ni zilezile alizozikataa.

Mwaka 1974 akaigiza kwenye televisheni mwanamke aliyezaliwa utumwani akaishi mpaka miaka kama 110, akapata tuzo mbili za Emmy. Sisi tunaopita chini ya miembe ya Ujiji, njia ile waliyopitishwa watu wetu kwa miguu mpaka Bagamoyo, tunaelewa uzito wa kumvaa mtu wa namna ile na kumpa heshima yake. Halafu 2013 akarudi stejini akachukua tuzo ya Tony, ana miaka 88! Alifariki 2021 akiwa na 96.

Lakini wapendwa naomba mnielewe, sikumwambia binti kwamba ukikataa leo kesho Mungu atakupa tuzo. Andiko halisemi jina jema litakuletea mali, linasema ni heri kuliko mali, maana yake mali inaweza isije kabisa na bado ulichagua vizuri. Hilo ni gumu kumwambia mtoto ambaye ada ya muhula bado haijalipwa, na mimi nilivyomwambia sauti ilikuwa inanitetemeka, kwa sababu kwenye kusifu yeye kukataa tumesifu wote ila kwenye ada tumekaa kimya, na hili nalisema kwetu sisi kanisa.

Jumapili baada ya ibada ya pili tuna mazoezi ya igizo la Ruthu, yeye atakuwa Naomi. Mama yake nilimfuata jana pale kwenye samaki nikamkaribisha, akaniambia atakuja kuangalia, hakusema zaidi ya hapo. Tuwaombee wote wawili, na mwenye chochote cha ada anione.