Nililifuta, Diski Ikabaki Imejaa

Jana saa nne usiku nilikuwa nimeshakaa mkao wa kulala simu ilipoita. Dada mhasibu wa duka la pembejeo ninalolitunzia seva. "Fundi, samahani kwa usiku huu. Nafunga mahesabu ya mwezi, mfumo hausevu. Kila nikibonyeza unanirudisha palepale."

Nikafungua laptopu, nikawasha intaneti ya simu, nikaingia kwenye seva. Nikaandika nusu ya jina la folda, nikabonyeza kitufe cha Tab inimalizie. Badala ya kumalizia, mashine ikalalamika kwamba imeshindwa kuunda faili la muda. Ukiona hata Tab inagoma, huna haja ya kupiga ramli: diski imejaa. Nikapima tu kwa mazoea.

`df -h`, amri ya kupima nafasi ya diski, ikanijibu hivi: patisheni kuu (kipande kikuu cha diski) ina gigabaiti 39, zimetumika 37, zilizobaki sifuri. Nilipokuwa naanza kazi hii hesabu hiyo ilikuwa ikinivuruga sana. 39 ukitoa 37 si mbili? Zimeliwa na nani? Hazijaliwa. Mfumo wa faili wa ext4, yaani utaratibu wa Linux wa kupanga mafaili kwenye diski, ukiuumba bila kuigusa mipangilio, hujitengea asilimia 5 ambayo akaunti ya root (msimamizi mkuu) pekee ndiyo inaruhusiwa kuitumia. Ni ile hela mama anayoifunga kwenye pindo la khanga: nyumba nzima imeishiwa, yeye nauli ya kwenda hospitali anayo. Wapo wanaoishusha hadi asilimia 1 kwa `tune2fs -m 1`. Kwenye diski kubwa ya data, sawa, hata mimi nimefanya. Kwenye patisheni kuu siigusi, kwa sababu jana hiyo ndiyo iliyonipa pa kukanyaga.

Nikahamia root, nikatafuta mnene ni nani kwa `du`, amri ya kupima ukubwa wa folda:

`du -xh --max-depth=1 / | sort -h`

Ile `-x` usiisahau. Inaizuia `du` isivuke kwenda kwenye mifumo mingine ya faili. Niliisahau siku moja ikanihesabia na diski ya nje ya chelezo (nakala za akiba), nikakaa nusu saa nikimsaka mwizi asiyekuwepo.

`/var` ilikuwa na gigabaiti 31. Ndani yake `/var/log` ina 28. Na humo, faili moja la logi (kumbukumbu za matukio) la programu ya mauzo: 24. Nikalichungulia mwisho wake kwa `tail`. Maneno ni yaleyale, kila sekunde, mistari kumi na tano kwa mpigo: printa haipatikani, printa haipatikani. Nikajua kwa nini mistari ni mingi hivyo. Mwezi wa pili walileta printa mpya, nikaiweka programu kwenye hali ya uchunguzi, ile ya kuandika kila kitu kwenye logi, ili nione kama inaunganika. Ikaunganika, nikanywa soda waliyonipa, nikaondoka. Hali ya uchunguzi nikaiacha inanguruma. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, tuliandike hilo: ni mkono wangu.

Kwa hasira nikalipiga `rm`, amri ya kufuta.

Nikapima tena. Asilimia 100. Haikupungua hata chembe.

Hapo `du` inasema zimetumika gigabaiti 13, `df` inasema 37, na zote mbili zinasema kweli. `du` hupita folda kwa folda ikihesabu kinachoonekana kwa jina. `df` huuliza mfumo wa faili wenyewe bloku (vipande vidogo vya diski) ngapi zimekaliwa. Kwenye Unix, mfumo endeshi ambao Linux imeuiga, jina la faili na faili ni vitu viwili. Jina ni maandishi ndani ya folda yanayoelekeza kwenye inodi, na inodi ndiyo inayojua data iko wapi. `rm` huondoa jina tu. Bloku huachiwa pale ambapo hakuna jina lililobaki na hakuna programu iliyolifungua faili hilo. Mimi nilikuwa nimeng'oa kibao mlangoni. Mpangaji yumo ndani anaendelea kupika. Programu ya mauzo ilikuwa bado imelishikilia, inaendelea kuandika habari za printa kwenye faili lisilo na jina.

`lsof +L1` huorodhesha mafaili ya namna hiyo, yaliyofunguliwa lakini hayana jina tena. Likajitokeza, prosesi (programu inayoendeshwa) namba 2114, mshiko (namba ya faili ililolifungua) wa 7. Njia rahisi ilikuwa kuizima programu na kuiwasha, ila dada yuko katikati ya kufunga mwezi, na simu bado iko sikioni kwangu namsikia akivuta pumzi. Nikapita mlango wa nyuma:

`: > /proc/2114/fd/7`

Yaani faili lile lile, kupitia mshiko wa programu yenyewe, likatwe libaki sifuri. Hii inafaa kama programu imefungua logi kwa kuandika mwishoni. Vinginevyo itaendelea kuandika pale ilipofika na kuacha shimo. Hii ilikuwa inaandika mwishoni. `df`: asilimia 35.

"Jaribu tena, dada."

Kimya. Kisha: "Imekubali. Mungu akubariki, fundi."

Saa sita alipomaliza nikaizima programu na kuiwasha, nikafunga hali ya uchunguzi, nikaandika mistari ya logrotate (inayopunguza logi zisijae) ambayo ilitakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza. Usingizi ulishakimbia, nikaendelea kufagia: vifurushi vilivyopakuliwa kwa `apt clean`, keneli (viini vya mfumo) za zamani kwa `apt autoremove` baada ya kuhakikisha kwa `uname -r` ipi inatumika, logi za mfumo kwa `journalctl --vacuum-size=200M`.

Kilichonikalisha macho si hayo. Kwa udadisi nilipima hifadhidata. Mauzo ya miaka minne, kila chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, kila mfuko wa mbegu, kila deni la kila mteja, hayafiki gigabaiti 2. Gigabaiti 24 zilikuwa sentensi moja ambayo hakuna aliyeamua kuitunza. Hata Ken Thompson na Dennis Ritchie, waasisi wa Unix, kule maabara ya Bell Labs diski yao ya mfumo iliwajaa, programu zikahamia kwenye `/usr`, mahali palipokuwa pa mafaili ya watumiaji, na zimekaa humo mpaka leo. Lakini wao angalau walijaza kwa kazi.

Asubuhi dada akaniandikia: ilikuwa nini jana? Nikaandika aya tatu kuhusu inodi, nikazifuta. Nikamjibu: printa, ilikuwa imezimwa, programu ikawa inaitafuta.

"Printa ipi? Mpya haizimwi."

Nikamtumia namba ya mtandao ya printa hiyo.

"Hiyo ni ile ya zamani, fundi. Tuliiuza mwezi wa pili."

Nikaingia tena kwenye seva kuiondoa.