Barbados: uhuru wa 1966, kiwanja cha 1980

Mwafrika Mashariki anayehamia Barbados, kisiwa cha Karibi, hudhani habari ya ukoloni na ardhi ya hapa ni ile ile ya kwetu. Siyo. Waingereza walianza makazi yao hapa 1627 na hakuna dola nyingine iliyowang'oa; walibaki hadi kisiwa kilipopata uhuru 30 Novemba 1966. Kisiwa kizima ni kama kilomita za mraba 430, na tangu miaka ya 1640 miwa ilikuwa ikimeza kila kipande kinacholimika.

Udogo huo ulifunga milango mingi. Kule Jamaica, watumwa watoro walikuwa na milima ya kujificha. Hapa hakuna, na uasi wa watumwa ulioongozwa na Bussa, Pasaka ya 1816, ulizimwa kwa siku chache. Utumwa ulipofutwa 1834, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia mabwana wa makoloni yake. Waliotumikishwa hawakupata kitu. (Wazanzibari wataukumbuka mtindo huu: amri ya 1897 nayo iliwafidia mabwana.)

Uhuru kamili wa waliokuwa watumwa ulikuja 1838, lakini ardhi yote ilikuwa na wenyewe. Kwa sheria ya 1840, mtu aliruhusiwa kuishi kwenye kiwanja cha shamba alimradi amfanyie kazi mwenye shamba, kwa ujira pungufu. Akigoma, anahamishwa. Ndiyo sababu ya zile nyumba ndogo za mbao ambazo watalii huzipiga picha: zimeketi juu ya mawe yaliyopangwa tu bila msingi, kuta zinafunguliwa ubao kwa ubao, zinapakiwa mkokotenini na kujengwa kwingine.

Siasa zilichemka 1937, mtetezi wa wafanyakazi Clement Payne alipofukuzwa kisiwani na watu 14 wakafa kwenye ghasia. Kura kwa wote ikapatikana 1950. Shirikisho la West Indies, muungano wa makoloni ya Uingereza ya Karibi, likavunjika 1962 baada ya Jamaica kujitoa, na hatimaye kiongozi wa Barbados, Errol Barrow, akaamua kisiwa kijitegemee peke yake. Malkia alibaki mkuu wa nchi hadi 2021. Tanganyika na Kenya zilimaliza suala hilo kwa mwaka mmoja.

Kwa maoni yangu, tarehe nzito zaidi ni 1980. Sheria ya mwaka huo iliwapa wapangaji wa siku nyingi kwenye viwanja vya mashamba haki ya kuvinunua kwa senti 10 kwa futi ya mraba: kiwanja cha futi 4,000, dola 400 za Barbados. Hadi leo nyumba ya mbao na ardhi iliyo chini yake vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, kwa hiyo ukiuziwa nyumba ya namna hiyo, mwombe wakili akague hati ya kiwanja kabla hujalipa.